Njaa ya Mboga

Kwetu njaa ziko mbili. Iko njaa ya unga, ile inayotangazwa redioni, viongozi wakaja kukagua maghala na mahindi ya msaada yakashushwa mbele ya ofisi ya kata. Na iko njaa ya mboga. Hii haina lori wala mkutano. Mahindi yamo ndani, mashine ya kusaga inanguruma kama kawaida, ugali unasongwa na kutengwa, kisha watu wanauzunguka na kuulizana: leo tunalia nini?

Njaa ya mboga huanza kunyemelea mwezi Julai, ikakomaa Septemba na Oktoba. Kijiji cha mama yangu kiko wilaya ya Nzega, mkoani Tabora, nchi ya mawe makubwa ya itale na udongo wa kichanga. Mvua yetu ni msimu mmoja tu. Ikianza Novemba huishia Aprili, na baada ya hapo mbingu hufungwa nusu mwaka. Matembele yanakauka, mchicha pori unapotea, lambo linabaki tope lenye nyayo za ng'ombe. Bibi zetu waliijua njaa hii na wakaiandalia: majani ya kunde yalichemshwa na kuanikwa yakawa nsansa, viazi vikakatwa na kukaushwa vikawa michembe, mlenda ukatwangwa ukafungwa kwenye vibuyu. Nimekuzwa kwa nsansa za karanga na sitavumilia mtu azidharau mbele yangu. Lakini ukila majani makavu wiki ya kumi na mbili mfululizo, mwili unaanza kudai kitu kibichi, na unadai kitoweo.

Kitoweo chetu cha kiangazi hutoka mbali. Ni dagaa na migebuka ya Kigoma, wanaopanda treni ya reli ya kati mpaka Tabora mjini, kisha basi, kisha bodaboda, mpaka kwenye mkeka wa gulio la kijiji. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024, Tanzania ilifunga uvuvi upande wake wa Ziwa Tanganyika ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Naamini ulikuwa uamuzi sahihi. Ziwa lile ni refu sana kwenda chini na rutuba yake nyingi imelala kwenye kina. Pepo za kusini za kiangazi ndizo zinazoikoroga ikapanda juu kulisha vijimea, vijimea vikalisha dagaa, dagaa wakalisha migebuka. Maji ya juu yanapozidi kupata joto, mkorogo huo unakuwa mgumu. Hata ziwa huishi kwa maji yake kuzunguka. Ila miezi ile mitatu ndiyo hasa miezi ambayo njaa ya mboga inaingia kwetu. Nilipokwenda kumsalimia mama mwezi Julai mwaka ule, mafungu ya dagaa gulioni yalikuwa ya kuhesabu mmoja mmoja, na mama alinipikia ugali kwa kachumbari ya nyanya nilizokuja nazo mwenyewe kutoka mjini. Mgeni amejiletea mboga! Mama hakusema neno, lakini nilimwona alivyoinamisha uso wakati ananawisha mikono.

Nikarudi mjini na wazo.

Nilikuwa nimesoma habari za akwaponiki, yaani kufuga samaki na kulima mboga kwa maji yale yale yanayozungushwa, bila udongo. Samaki wanachafua maji, uchafu wao unageuka mbolea, mboga zinaila mbolea, maji yanarudi kwa samaki yakiwa safi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin, kwenye kisiwa cha St. Croix huko Karibiani, walianza kuufanyia utafiti mfumo huu miaka ya 1980 chini ya James Rakocy, kwa sababu maji baridi kisiwani kwao ni ya kubana. Mwaka 2014 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likatoa mwongozo mzima kwa ajili ya watu wa ngazi ya kaya. Kila nilikopita nilikuta ahadi moja: asilimia 90 ya maji utaiokoa. Kwa mtu ambaye mama yake ananunua maji kwa dumu, ahadi hiyo ilinikosesha usingizi.

Nilipomweleza mama kwa simu, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, hiyo si ndiyo kazi ya mgomba wa bafuni?"

Asiyekulia kwetu labda hajui mgomba wa bafuni. Nyuma ya bafu la makuti au la matofali, pale maji ya kuogea yanapotokea, kila kaya hupanda mgomba, au mpapai, au miwa. Mgomba huo haumwagiliwi hata siku moja, na ndio unaobaki kijani wakati uwanja mzima umekuwa rangi ya vumbi. Maji yamemwosha mtu, sasa yanalisha ndizi. Mama alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Nilichotaka kumjengea kilikuwa mgomba wa bafuni ambao maji yake hayapotei ardhini, yanarudi.

Tulijenga mwezi Agosti. Tangi la lita 1,000, lile la mchemraba lenye kizimba cha chuma linalouzwa likiwa limetumika, baada ya kuuliza mara tatu lilibeba nini kabla ya hapo. Hilo ni la kusisitiza: mengine yamebeba dawa na kemikali, na hakuna kuosha kunakoyafaa. Kando yake masanduku matatu ya mbao, kila moja kama mita moja ya mraba, ndani yametandikwa nailoni nene na kujazwa kokoto kina cha sentimita 30. Kokoto za itale tunazo bure. Kijana aliyenisaidia alizijaribu kwa kuzidondoshea siki, maana kokoto zenye chokaa hutoa povu na zingeharibu uchachu wa maji. Pampu ndogo ya umeme ikapandisha maji kwenye kokoto, maji yakashuka yenyewe kurudi kwa samaki.

Halafu tukasubiri, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua, yale mashavu mekundu anayopumulia. Amonia ni sumu kwake mwenyewe. Mboga nazo hazitaki amonia nyingi. Kati ya samaki na mboga lazima wawepo wadudu wasioonekana, bakteria wa aina mbili: wa kwanza wanaigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, inafanya damu ya samaki iwe ya kahawia na isibebe hewa, wa pili wanaigeuza naitraiti kuwa naitreti, na hiyo ndiyo chakula cha majani. Bakteria hawa hawauzwi dukani kwetu. Wanakuja wenyewe na kujishikiza kwenye kokoto zenye unyevu, giza na hewa, na wanachukua wiki nne mpaka sita kuongezeka wakatosha. Ukitia samaki siku ya kwanza, unawaua kwa mavi yao.

Kwa hiyo kwa wiki sita tulilisha tangi lisilo na samaki. Nilitupia vichwa vya dagaa vioze, ili amonia ipatikane. Maji yalinuka. Mama aliyavumilia maji ya dumu nyingi, aliyoyalipia hela, yanazunguka usiku na mchana juu ya mawe yasiyoota kitu. Majirani walipita wakisema "Mwangaluka", salamu yetu, wakatazama, wakaondoka kwa adabu. Nilipima maji kila Jumamosi kwa vile vipimo vya matone vinavyobadilika rangi, na siku rangi ya amonia na ya naitraiti zilipokwisha na ile ya naitreti ikapanda, nilimkumbatia mama kama mtu aliyefaulu mtihani. Akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia: mawe yako yamepata uhai.

Vifaranga vya sato 60 vikatiwa mwezi Oktoba. Wanaoishi mkoani kwetu wanacho kituo cha serikali cha ukuzaji viumbe maji Mwamapuli, wilayani Igunga. Ni vyema kuanzia huko kuliko kwa mtu anayepita na mifuko asiyejulikana anatoka wapi. Mchicha, chainizi na matembele vikapandwa. Mchicha ulikuwa tayari kuchumwa kabla mwezi haujaisha. Nitasema ukweli kuhusu ule mchicha: ulikuwa laini, mpana, na mama aliupika kwa karanga akawapelekea wifi zake bakuli ili waamini.

Kisha ukaja usiku wa Februari.

Mimi nilikuwa mjini. Radi ilipiga jioni, umeme ukakatika kijiji kizima, pampu ikasimama. Samaki walikuwa wamefika kilo tisa hivi kwa jumla na walikuwa wamelishwa vizuri jioni ile. Hesabu niliyoifanya baadaye ilinifanya nikae chini. Sisi tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari; maji ya uvuguvugu kwa kimo hicho hubeba takriban miligramu saba za oksijeni kwa lita. Tangi zima la lita 1,000, lenye kunizidi mimi uzito mara nyingi, lilikuwa na gramu saba tu za hewa. Ni kijiko cha chai na zaidi kidogo. Kilo tisa za samaki walioshiba, pamoja na bakteria ambao nao wanapumua, humaliza akiba hiyo kwa saa chache.

Mama aliamka saa kumi usiku kwenda kujisaidia akasikia sauti ya midomo. Ndivyo alivyoniambia: sauti ya midomo, kama watoto wanaonyonya. Samaki walikuwa wamepanda wote juu wanatweta kwenye ngozi ya maji. Hakuwa na salio la kunipigia na asingejua aniulize nini. Alichofanya ni kuchukua kata, akachota maji, akayainua juu na kuyamimina, akachota tena, akamimina, namna anavyopoza uji wa mtoto. Alifanya hivyo kwenye mvua mpaka kulipopambazuka. Samaki 41 walikufa. Samaki 19 waliishi, na hao 19 waliokolewa na kata, kwa sababu maji yanayoanguka kutoka juu yanaingiza hewa, na hilo hakufundishwa na mwongozo wowote.

Nilipofika alikuwa amewapanga wale waliokufa kwenye ungo. Alikuwa amechoka na mikono inatetemeka. Nilitaka kuomba radhi, akaniwahi: "Usilie. Ila hiki kitu chako kinataka kulindwa kama mgonjwa, na mimi ni mtu mzima."

Sentensi hiyo imenifundisha kuliko yote niliyoyasoma. Mfumo uliobuniwa mahali penye umeme usiokatika na mtu wa zamu unaweza kuwa mzuri sana na bado usimfae mama wa miaka 67 anayeishi na mjukuu mmoja. Ukame wetu unahitaji kitu kinachoweza kusahauliwa usiku. Nimeona miradi ya aina hii ikifunguliwa kwa utepe na kuachwa ikiwa matangi matupu yanayotagiwa na kuku, na sasa najua sababu yake mara nyingi si uvivu wa wanakijiji.

Nikaanza upya kwa kuuliza swali tofauti: samaki gani hafi umeme ukikatika? Jibu kila mtoto wa Nzega na Igunga analijua. Kambale. Mbuga za Wembere zinapokauka, watoto hukamata kambale kwenye tope ambalo samaki mwingine yeyote angekuwa mfupa. Kambale ana kiungo cha ziada nyuma ya matamvua, kama kichaka chekundu, kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu moja kwa moja. Anapanda, anameza hewa, anashuka. Kwake gramu saba za oksijeni kwenye maji si suala la kufa na kupona. Tulikuwa tumemkimbilia sato kwa sababu ndiye samaki wa heshima, na yule anayeijua nchi yetu tulimwacha kwenye tope.

Ana kasoro zake. Kambale hulana; ukichanganya wakubwa na wadogo, asubuhi unawakuta wakubwa peke yao, kwa hiyo wiki za mwanzo ni kuwachambua kwa ukubwa mara kwa mara. Na si kila mtu anamla. Jirani yetu wa karibu, mzee tunayemheshimu sana, ni Msabato, na samaki asiye na magamba hawezi kuingia nyumbani kwake. Tukaelewana: yeye huletewa mboga, sisi hupata maziwa.

Pampu ya umeme tukaitoa. Ikawekwa ndogo ya volti 12 kwenye sola ya wati 50, bila betri, maana betri ndiyo inayokufa kwanza na ndiyo ghali. Jua likichomoza maji yanazunguka, jua likizama yanalala. Usiku kokoto zinabaki na unyevu na hewa, bakteria hawafi. Siku ya mawingu mazito mama anachota ndoo kumi asubuhi na kumi jioni kupandisha mwenyewe kwenye kokoto, na siku asipoweza, haendi. Kambale wanamngoja.

Sasa niseme kuhusu chakula cha samaki, kwa sababu hapa ndipo penye fundo lenyewe, na ndipo nisiposikia watu wakisema vya kutosha. Watu wanadhani adui wa mfumo huu ni maji. Maji ukishayatia yametulia. Chakula kinaingia kila siku. Kwa masanduku ya mita tatu za mraba yenye mboga za majani unahitaji gramu 120 mpaka 150 za chakula kwa siku. Ndicho kinachogeuka kuwa samaki na ndicho kinachogeuka kuwa mchicha, hakuna kingine. Chakula cha dukani kilikuwa kinatoka mbali na bei yake ilinitoa jasho. Tena ukikiangalia ndani, protini yake nyingi ni dagaa na soya. Yaani nilikuwa natoa dagaa kwenye njaa ya mboga ili nitengeneze samaki wa kuiponya njaa ya mboga. Huo si mzunguko. Ni kuhamisha kitoweo kutoka sahani ya jirani kwenda kwenye tangi langu, na sikuwa tayari kuendelea nao.

Tulianza na mashudu, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta. Mkoa wetu unalima alizeti, karanga na pamba, kwa hiyo mashudu yapo. Ya alizeti yanafaa yakichanganywa na pumba na kufinyangwa. Ya pamba tuliyaacha kwa sababu yana sumu yake ya asili, gosipoli, inayodumaza samaki yakizidi. Ya karanga ni mazuri ila lazima yawe makavu kabisa: yakipata ukungu yana sumukuvu, na sumukuvu inaua ini la samaki kama inavyoua letu. Mashudu peke yake hayakutosha. Kambale ni mla nyama.

Nyama ilipatikana sehemu mbili. Ya kwanza ni mchwa. Kwetu mchwa hutegwa kwa ajili ya vifaranga vya kuku tangu enzi za mababu: unajaza chungu mabua na mavi makavu ya ng'ombe, unayaloanisha, unakifunika kifudifudi kwenye njia ya mchwa jioni, asubuhi unakung'uta. Mjukuu wa mama ndiye bwana mchwa, na kambale wanajua nyayo zake. Ya pili ni funza wa nzi mweusi, mwembamba kama nyigu, ambaye wataalamu wanamwita Hermetia illucens. Nzi huyu si yule wa chooni. Akishakuwa mkubwa hali chakula, kwa hiyo hatembei kwenye vyakula vya watu akieneza magonjwa. Anapandana, anataga, anakufa. Funza wake wanakula maganda, ukoko, matunda yaliyooza, na mwezi wa maembe Tabora haikosi matunda yaliyooza. Funza aliyekomaa hutafuta mahali pakavu pa kujigeuza, kwa hiyo ukiegemeza ubao kwenye beseni lake anapanda mwenyewe na kudondokea kwenye ndoo uliyomtegea. Mama alikataa jambo hili kwa wiki mbili nzima. Kilichombadilisha si maneno yangu. Ni kuku wake waliovunja uzio kuwafuata wale funza.

Baada ya hapo ndipo niliposikia moyoni kwamba sasa kinazunguka kweli. Ganda la embe linakuwa funza, funza anakuwa kambale, mavi ya kambale yanakuwa matembele, mabaki ya matembele yanarudi kwa funza. Lile tope linalokaa chini ya tangi tunalichota kila wiki na kulimwaga kwenye mgomba wa bafuni, ambao umenenepa mpaka umeegemea ukuta.

Kuna mambo madogo yaliyonisumbua, niyapitie haraka. Majani machanga ya chainizi yaligeuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Huo ni upungufu wa madini ya chuma, kwa sababu chakula cha samaki hakina ya kutosha. Mama alitia misumari yenye kutu, nami nilitamani ifanye kazi, lakini kutu haiyeyuki kwenye maji ya uchachu wa kawaida na mmea hauipati. Tulinunua chuma cha kuyeyuka kwenye duka la pembejeo, kijiko kidogo kwa mwezi. Uchachu nao huzidi polepole kwa kazi ya bakteria. Tunaurudisha kwa majivu kidogo ndani ya kitambaa, kidogo kweli, maana ukiurudisha kwa kishindo amonia inakuwa kali ghafla. Maji ya bomba yenye dawa tunayaacha wazi siku mbili kabla ya kuyatia. Juni na Julai usiku wetu ni wa baridi na samaki hawali vizuri. Usiwalazimishe, chakula kisicholiwa kinaoza. Na tangi lina mfuniko wenye kufuli, kwa ajili ya watoto. Hilo halina mjadala.

Na ile asilimia 90? Niliipima Septemba iliyofuata, siku 30, kwa kuhesabu madumu. Tuta la mama la mita tatu za mraba kwenye kichanga chetu lilikuwa linakunywa dumu mbili na wakati mwingine tatu kwa siku ili mchicha usinyauke. Mfumo wetu, kwa eneo lile lile, ulidai dumu moja, siku za upepo moja na nusu. Kwa hiyo kwetu ni nusu, si asilimia 90. Mmea ni mmea: jua likiwaka utavuta maji na kuyapumua hewani hata ukiwa umesimama kwenye kokoto. Unachookoa ni yale yanayozama mchangani na kupotea. Sioni haya kusema nusu, kwa sababu ile nusu inayotumika imetupa pia samaki, na tuta halijawahi kutupa samaki. Ila anayekuja kijijini na kuahidi 90 anawafanya watu wamwone mwongo siku ya kwanza wanapojaza dumu la pili, na baada ya hapo hata lililo kweli hawatalisikia.

Wala mfumo huu hautaleta unga. Mahindi, mtama, viazi na mpunga wa mbugani vitaendelea kungoja mvua ya Novemba, na mvua ikishindwa, mita tatu za kokoto hazitalisha mtu ugali. Namsikitikia anayezifananisha njaa zile mbili. Mimi nilienda kupambana na ile ya pili, isiyo na lori. Septemba ile mama alikula mboga mbichi kila siku na kambale kila Jumapili, na nilipomtembelea alinitengea sahani, akanitenga na mimi mbali na jiko, akakataa nisimsaidie. Alikuwa ana mboga ya kumpa mgeni.

Mvua ya kwanza mwaka huo ilinyesha usiku, wiki ya pili ya Novemba. Simu yangu iliita saa tano. Mama alikuwa anapiga kelele kushinda mvua kwenye bati: "Mwanangu, samaki wako wanatembea uwanjani!"

Nilikuwa nimesahau jambo ambalo watoto wote wa mbugani wanalijua. Kambale akisikia mvua mpya anataka kuondoka. Ndio wakati wake wa kupanda kwenda kutafuta maji mapya ya kutagia, na kwa unyevu kidogo tu anajikokota nchi kavu kwa mapezi yake. Kona moja ya mfuniko ilikuwa imenyanyuka. Nilisikia mjukuu anacheka, ndoo inagonga, mama anaelekeza tochi: huyo hapo, mwingine kwenye kinu, shika kichwani usishike mkia. Niliwahesabu nao kwa simu. Wakarudishwa kumi na mmoja. Wa kumi na mbili hakuonekana, na salio likakatika.

Asubuhi alinipigia tena. Wamempata, akasema. Alikuwa amelala kwenye dimbwi chini ya mgomba wa bafuni, mzima kabisa, anangoja maji yaongezeke.